Chujio la Begi la Mafuriko

Kila Jumapili wakitoka kanisani, Naserian alikuwa na kawaida ya kumsimamisha binti yake Lucky ukutani, miguu pamoja, kisha kujaribu kupenyeza ngumi katikati ya magoti yake. Ngumi isipopita, mama alikula chakula chake kwa raha. Kipimo hicho hakufundishwa na daktari. Alifundishwa na miguu ya kaka mtu, Lemayian, iliyopinda hata leo kijana anatembelea fimbo. Maji ya upande wao wa Mlima Meru yana floraidi nyingi, nayo huchafua meno na kupinda mifupa. Kijiji kizima hunywa hayo hayo. Kuna mengine?

Tangu Pasaka alikuwa hajapima. Alijiambia atapima chujio likija.

Maana kamati ya maafa ya kijiji ilikuwa inaandaa mabegi ya dharura, ya kukimbia nayo siku tope la mlimani litakaposhuka, na Naserian ndiye aliyetumwa mjini kuchagua vichujio vya maji vya kutia humo. Wenzake waliwaza mafuriko na kipindupindu. Yeye, Mungu amsamehe, aliwaza magoti.

Duka lilikuwa mtaa wa Ngarenaro, la mama mtu mzima aitwaye Zamda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Vichujio vya kubeba? Ngoja nikuonyeshe."

Zamda akachota maji ya mtaroni, akayapitisha kwenye kichujio kidogo cha kushika mkononi. Yakatoka meupe. Akayanywa mwenyewe bila hata kukunja uso. Naserian akacheka kwa furaha, furaha ya kijinga ya mtu anayetaka sana kuamini.

"Na floraidi kinaitoa?"

Zamda akaacha kutabasamu. "Hapana, mwanangu. Hiki kinashika uchafu na vijidudu. Floraidi imeyeyuka ndani ya maji, inapita."

Naserian hakukubali. Kikapuni alikuwa na magadi ya kupikia makande, nayo huyeyuka majini; kichujio kikiyashika hayo, huenda na floraidi kitaishika. Akakoroga kipande kwenye kikombe cha maji, akayachuja, akaonja. Ukali uleule. Akaonja tena, labda ulimi utamhurumia.

"Lipo la mkaa wa mifupa, hilo linaitoa," Zamda akasema, akionyesha ndoo kubwa pembeni. "Lakini mkaa wake unachoka, lazima ubadilishwe mara kwa mara. Na kwenye begi haliingii."

Naserian akampigia simu mzee Yiamat, mwenyekiti wa kamati.

"Chukua hicho kidogo, mama Lemayian," mzee akasema. "Tope halimsubiri mtu abebe ndoo."

"Na miguu ya watoto, mzee?"

"Hayo maji nimeyanywa tangu nizaliwe, mwanangu. Hilo si la kamati."

Mzee alisema kweli, na ndiyo iliyomuuma. Siku ya mafuriko, kichujio kile kidogo kingeokoa watu wasiharishe hadi kufa. Kuchagua kingine kungekuwa kuwaua majirani kwa ajili ya magoti ya mtoto mmoja, na hata hayo magoti hakuna aliyemhakikishia kuwa yangepona. La kuvunda halina ubani. Akachagua kile kidogo, akarudi nacho kimoja cha kuwaonyesha wenzake.

Lucky alikuwa mlangoni, kikombe mkononi. Aliahidiwa maji yasiyopinda miguu, na mama yake hakupata moyo wa kumwambia kitu. Akamchujia. Mtoto akanywa yote.

"Matamu, mama! Sasa nipime."

Akakimbilia ukutani mwenyewe, akauegemeza mgongo, akabananisha miguu na kufumba macho kama yuko kwenye sala. Naserian akapiga magoti mbele yake, akakunja ngumi.

"Imepita?" Lucky akauliza.

"Haijapita," mama akasema, na mkono wake ulikuwa umeshagusa ukuta wa nyuma.