Ng'ombe Aitwaye Ploti

Majina Soipan alikuwa ameyafuta yote kwenye rekodi: la mama Naipanoi, la msichana wake Resian, la kijiji, hata la mchungaji wa kanisa aliyempa msichana mahali pa kulala. Sauti nayo akaikoroga kwenye kompyuta, pale ofisini Kitengela, mpaka ikawa nzito kama ya mwanamume mwenye mafua. Akajipongeza kabisa.

Sasa walikuwa Kajiado, ukumbi umejaa wazee na maofisa, na bosi wake Muturi akiwachezea sauti hiyo.

"Nilimficha mtoto asikeketwe," mama alisema. "Baba yake anadhani alitoroka mwenyewe. Akijua ni mimi, ataniua."

Mstari wa mbele alikuwa ameketi Lemein wa Kisaju, rungu magotini. Ndiye huyo baba. Soipan hakujua amealikwa. Akajituliza: atajuaje?

Hapo ndipo alipokumbuka. Siku ya kurekodi Naipanoi aliongea huku akikamua, na katikati ya maneno akamkemea ng'ombe: tulia, Ploti. Lemein aliuza ploti ya ardhi akanunua ng'ombe, akampa jina hilo, Kisaju nzima ikamcheka. Hakuna Ploti mwingine dunia hii. Ati yeye, mtoto wa wafugaji, amefuta watu akaacha ng'ombe!

Alikimbia akachomoa waya wa spika.

"Unafanya nini?" Muturi aliuliza, amekasirika kweli.

"Kuna kitu sijatoa."

"Lakini wageni nimewatumia rekodi kwa WhatsApp tangu asubuhi. Wako nayo."

Soipan akageuka. Lemein alikuwa ameinama, simu sikioni, akisikiliza bila haraka.

Akatoka nje mpaka getini, akampigia Naipanoi simu, akimwita mama kwa Kimaasai, kwa heshima.

"Yeyo, ondoka nyumbani sasa hivi. Mzee anasikiliza maneno yako."

Naipanoi akauliza: "Si uliniambia jina langu halitatoka?"

"Halijatoka, Yeyo."

"Basi ni nini imetoka?"

Soipan alitaka kudanganya, akashindwa. "Ploti."

Alisikia mlango ukibamizwa, kisha pumzi za mtu anayekimbia.

Lemein alikuwa amesimama nyuma yake.

"Huyo ni mama Resian?" aliuliza kwa upole. "Mwambie nakuja."

Soipan akakata simu. Tangu azaliwe hakuwahi kumzuilia mzee njia. Akaushika mlango wa geti kwa mikono miwili.

"Nipishe, mtoto wangu."

"Sikupishi," Soipan alisema.