Taarifa Zimetangulia

Asubuhi hiyo Mamosa alipika uji wa mtama, akaula wote, akajitanda blanketi lake na kulibana begani kwa pini kubwa, kisha akaenda Maseru mjini kukata tiketi ya ndege. Mwanawe Sello alikuwa amefia Ayalandi, alikokuwa akiogesha wazee wa watu, na mazishi yalikuwa Jumamosi.

Ofisi ya tiketi ilikuwa juu ya duka la viatu. Karani wake, Limpho, mwenye kucha ndefu kuliko subira yake, alimweleza kwamba taarifa za abiria hutangulia kabla ya abiria mwenyewe. Huko ng'ambo hawapendi kushtukizwa na wageni.

"Jina la ukoo, mama?"

Mamosa alimsogezea pasipoti. Jina hilo lilikuwa la baba mkwe wake, na mwanamke aliyeolewa hamtaji baba mkwe kwa kinywa chake, hata kama mzee mwenyewe alishazikwa na meno yake yote mawili.

"Ni yule mnyama anayenguruma," alisema.

"Una nafuu wewe. Mkwe wangu anaitwa kile kitokacho bombani. Nikishikwa na kiu naomba bia."

Limpho alijisomea kwenye pasipoti, akaandika: Tau, yaani simba kwa Kisotho. Akaongeza tarehe ya kuzaliwa, uraia, na anwani ya usiku wa kwanza. Akabonyeza. Taarifa za Mamosa zikateremka ngazi, zikalipita duka la viatu, zikashika njia ya uwanja wa ndege.

"Haya, zimetangulia," alisema Limpho. "Na wewe zifuate."

Jioni jirani wa Mamosa, Nthati, alishindwa kumwita jina, maana halikuwepo.

"Wewe wa blanketi, karibu. Mbona leo umepungua?"

"Taarifa zimeondoka."

"Aa. Shemeji yangu zilimtoka hivyo hivyo alipokwenda Dubai. Kula kwanza."

Uwanjani Johannesburg, kijana wa kaunta aliitazama kompyuta yake, akasema kwa Kisotho cha adabu, "Mama, wewe umeshafika. Umegongewa muhuri tangu jana."

"Mimi nipo hapa."

"Hapa upo, na huko upo. Ndege haimpandishi mtu mmoja mara mbili."

Mamosa alimwambia kwamba anakwenda kumzika mwanawe. Kijana akampa pole. Akasema iko njia moja tu: mwenye taarifa akilitaja jina lake lote kwa sauti, kama lilivyoandikwa, zinaweza kuombwa zirudi kumchukua.

Mamosa aliyatazama masanduku ya watu. Tangu alipoolewa jina lile lilikuwa halijapita mdomoni mwake, hata katika ugomvi, na ugomvi ulikuwepo wa kutosha.

"Bibi, taja twende," alisema mwanamume mmoja nyuma yake. "Au unataka tukupigie makofi?"

Alimfikiria Sello amelala kwenye jokofu la wageni.

"Mamosa Tau," alisema.

Kule milimani kwao, jiwe la kaburi la mzee lilijigeuza likautazama ukuta. Kijana aliandika, akangoja, akasoma.

"Zimekataa, mama. Zinasema zimeshalala kwenye anwani ya usiku wa kwanza, na zimechoka na safari."

"Na heshima yangu niliyoitoa hapa?"

"Hiyo haina sehemu kwenye kompyuta, mama. Anayefuata."

Alirudi Lesotho kwa basi. Kondakta alimhesabu pamoja na mizigo, naye hakubisha.

Jumamosi alasiri simu iliita. Alikuwa Pulane, rafiki wa Sello aliyefanya naye kazi.

"Mama, tumemaliza. Ulikuja mapema kuliko wote. Ulisimama kando ya jeneza, jina mbele, tarehe ya kuzaliwa nyuma yake. Mchungaji akakupa pole, ukamtajia uraia wako."

"Nilitupa udongo?"

"Hukutupa."

"Nililia?"

"Hapana, mama. Ulisimama tu mpaka walipofukia."

"Machozi hawakuyauliza," alisema Mamosa. "Yangu yako huku yote."

Akamshukuru kwa simu, akaketi, akaendelea kukata mboga.