Rangi ya Chumba cha Odane

Dalali alifika asubuhi na kadi za rangi mkononi, na alianza kulalamika kabla hajakanyaga kibaraza.

"Bi Isilda, kilima chako kitaniua! Mnunuzi akifika huku juu atakuwa na pumzi ya kutaja bei?"

"Asiye na pumzi habishani," nikamwambia. "Kaa unywe maji, Carlene."

Akacheka, akakaa. Carlene ni mtu wa Buff Bay, na mama yake nilimjua vizuri, tuliuza tangawizi meza moja sokoni. Mdomo wake mkali, lakini nyumba anaziuza. Nami yangu ilinibidi niiuze. Sukari ilinila vidole vya mguu wa kushoto, ikarudi ikala mguu wenyewe mpaka chini ya goti. Njia ya kwangu ni vidato vilivyochongwa kwenye udongo mwekundu, na mtu wa magongo hapandi vidato vya udongo wakati wa mvua. Mvua ya huku Portland nayo haimwombi mtu ruhusa. Mwezi wa tano nilitoka kuanua nguo nikateleza, nikalala kwenye matope mpaka mchunga mbuzi akapita. Baada ya hapo binti yangu Verona akaja kutoka Mandeville akasema, "Mama, basi. Unahamia kwangu." Sikubishana. Mguu ulikuwa umeshabishana kwa niaba yangu ukashindwa.

Carlene akaanza kupita vyumbani, Verona nyuma yake, mimi nyuma ya Verona. Sebule ilikuwa ya waridi.

"Hii alichagua nani?"

"Marehemu mume wangu."

"Apumzike salama. Rangi inaondoka." Akaingia jikoni. "Na hiki kijani cha kasuku kinaondoka. Bi Isilda, nikwambie siri ya kazi yangu? Mnunuzi anataka kuiona nyumba, hataki kukuona wewe. Akiona waridi anawaza, huyu bibi ana mambo yake. Akiona krimu anajiona mwenyewe kakaa hapo, miguu juu ya kiti, soda mkononi."

"Na kama hapendi soda?"

"Mama," Verona akasema, "mwache afanye kazi yake."

Nikamwacha. Sebule krimu, jiko krimu, chumba changu krimu. Kila kadi aliyoninyooshea niliitikia. Kisha akafungua mlango wa mwisho.

"Yesu wangu! Hiki ni chumba au kisima?"

Kilikuwa bluu kuta zote nne, ile bluu nzito ya sketi za shule, rangi ya mafuta inayong'aa. Juu karibu na dari palibaki ukanda mtupu, maana rangi ilimwishia. Mwanangu Odane alikipaka mwenyewe. Alikuwa akimfanyia kazi Mzee Uriah, fundi rangi, na masalio ya makopo aliyaleta nyumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Viatu vyake vya kanisani vilikuwa chini ya kitanda, visigino ukutani, kama alivyoviacha.

"Hiki hakipakwi," nikasema.

Carlene akamgeukia Verona. Verona alikuwa amesimama nje ya kizingiti, anatazama sakafu.

Odane alishuka mji mkuu, Kingston, Jumatatu moja kutafuta kibarua kwenye majengo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alisema atapiga simu akifika. Hiyo simu niliingojea miaka sita. Nilikwenda vituo vya polisi, nilikwenda hospitali, nilikwenda kwa watu waliomwona na kwa watu waliotaka tu chakula changu wakasema wamemwona. Halafu nikarudi nikakaa. Watu hudhani kukaa si kazi.

Na kwetu mtu akifa, usiku wa tisa wa matanga ukiisha, watu wakishaimba na kula na kucheza domino, chumba chake kinageuzwa. Kitanda kinahamia ukuta mwingine, pazia linabadilishwa, ukuta unapakwa chokaa au rangi nyingine, ili roho yake ikirudi isikitambue, ijue safari imekwisha, iende zake. Chumba cha mtu aliye hai hakifanyiwi hivyo. Ukikifanyia hivyo umemfukuza.

Tukarudi kibarazani. Carlene hakuwa na mzaha tena.

"Bi Isilda, mimi ni mtu wa hapa, najua unachowaza. Lakini kila mnunuzi nitakayemleta atafika kwenye mlango ule ageuke. Rangi ya giza inakula chumba. Nyumba yenyewe ina vyumba viwili. Ukiwaondolea kimoja, nauza nini?"

"Uza hicho kimoja."

"Mama, ni rangi tu," Verona akasema.

"Kama ni rangi tu, si uiache?"

"Utaanguka tena! Safari hii hapiti mtu wa mbuzi. Ndivyo unavyotaka, nije nikuokote?"

"Odane akirudi akute nini?"

Verona akaondoka akaenda kusimama kwenye migomba, kanipa mgongo. Mwanangu huyu tangu zamani hasira zake huzipeleka kwenye migomba. Nilidhani ni hasira.

Nikazichukua zile kadi nikazipekua mapajani. Nikakuta bluu moja nyepesi sana, kama shati la bluu lililofuliwa miaka mingi. Nikaona zile nyingine hapana, lakini hii, Odane akisukuma mlango, ataguna kidogo, kisha atasema, aa, ni chumba kilekile, Mama amekifua tu. Nikaichomoa.

"Hii," nikasema. "Nyumba nzima fanyeni mnavyotaka. Kule ni hii."

Carlene akaigeuza juani. "Si krimu."

"Najua si krimu."

"Haya. Bora si kisima."

Mzee Uriah alikuja wiki ileile na ngazi yake, makopo na mabunda ya magazeti. Ni mtu mrefu, amepinda kidogo mgongoni, na vidole vyake havitakati hata Jumapili. Alipaka sebule, akapaka jiko, akapaka kwangu. Nyumba ikaanza kunuka upya na kunikimbia. Nilikuwa nikinyoosha mkono kushika ukuta, nao sio ule niliouzoea. Verona alipika shelisheli na samaki wa chumvi, akampelekea fundi chakula, akafagia. Jioni alishuka kulala kwa rafiki yake mjini. Miaka yote hiyo akija kunitazama alilala huko. Nilikuwa nikisema moyoni, ameolewa Mandeville, ana vigae bafuni, nyumba yangu haimtoshi.

Ilipofika zamu ya chumba cha Odane, Uriah aliweka ndoo chini mlangoni, akavua kofia.

"Bi Isilda, lazima nikuulize."

"Uliza."

"Baba yangu alinifundisha kupaka vyumba vya aina mbili. Cha mtu aliye hai unaanzia mlangoni, unaingia nacho ndani. Cha marehemu unaanzia pembe ya mbali, unarudi kinyumenyume mpaka unatokea mlangoni, na hugeuki kutazama ulikotoka. Vyumba vya marehemu nimepaka vingi, mlima huu wote." Akafuta jasho kwa kofia. "Huyu alikuwa kijana wangu. Alikuwa anashika ngazi yangu. Siwezi kupaka bila kujua. Nianzie wapi?"

"Hilo nalo swali, Uriah? Anzia mlangoni."

Akainama kuokota msasa. Ile rangi ya mafuta ilitaka kukwaruzwa kwanza, la sivyo mpya ingebanduka. Akaukwaruza ukuta wa karibu na mlango mara mbili, tatu, vumbi la bluu likamdondokea viatuni.

"Asianzie hapo," Verona akasema.

Alikuwa nyuma yangu ukumbini, fagio mkononi.

"Unasemaje?"

"Mama, asianzie mlangoni."

Uriah akaacha kukwaruza. Mimi niligeuka, na kugeuka kwa magongo kunachukua muda wake, kwa hiyo nilikuwa nimeshajua kabla sijamwona uso.

"Sema," nikamwambia.

"Mwaka ule ulipokuwa hospitali, walipokukata mguu. Polisi walinipigia simu niende Kingston. Walikuwa wameshazika, wamemzika na wengine ambao hawana wenyewe. Wakanionyesha picha."

"Picha ya nini?"

"Ya mkono. Uso haukuwa wa kuonyesha."

"Mikono iko mingi, Verona."

"Kile kidole kidogo, Mama. Kilichopinda alipoanguka kwenye mshelisheli. Ulikifunga wewe na kijiti, kikaunga vibaya."

Nilikifunga mimi. Kijiti kilikuwa cha aiskrimu.

"Nilisema nitakwambia ukizinduka," akasema. "Ukazinduka. Hukuomba maji, hukuuliza mguu. Ulisema, Odane amepiga simu? Nikashindwa. Nikasema, mwezi ujao. Kila mwezi nikasema mwezi ujao."

"Ndiyo maana hulali hapa."

"Nililala mara moja, baada ya ile picha. Nikamsikia. Anatembea humu ndani, kutoka kitandani mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka kitandani. Sikurudia."

Uriah akanisogezea ndoo ya rangi akaifunika kwa gazeti, nikakaa juu yake. Maana hizo nyayo nilizijua. Niliwahi kuzisikia mara nyingi, na sikuogopa, nilifurahi. Nilikuwa nikiita kutoka chumbani kwangu, ingia mwanangu, mlango haujafungwa. Miaka yote hiyo nilikuwa namtandikia kitanda mtu aliyetaka kuondoka akakosa njia. Hakuimbiwa. Hakugeuziwa kitanda. Kila alipokuja kutazama kama bado anatakiwa, alikuta viatu vyake vinamngoja.

Sikumlaani Verona. Ningemlaani kwa lipi, kwa kubeba peke yake? Lakini pia sikumshika mkono, na alikuwa ameunyoosha. Hilo lilinichukua muda.

"Uriah," nikasema. "Ile bluu nyepesi, usiifungue."

"Ndiyo, Bi Isilda."

"Krimu imebaki?"

"Ipo debe zima."

"Paka hiyo. Ile ya Carlene. Rangi isiyo ya mtu."

Hakusogea. Alikuwa bado anangoja, na nilijua anangoja nini, na nilimchukia kidogo kwa kungoja.

"Anzia pembe ya mbali," nikamwambia.

Verona akaangusha fagio, akavuka kile kizingiti. Akaokota viatu, akakunja shuka, wakasaidiana na Uriah kukitoa kitanda nje mpaka uani. Kuta zilikwaruzwa siku hiyo yote. Vumbi la bluu lilijaa nyumbani, likakaa kwenye nyusi za Uriah, likaingia kwenye chai. Alikuwa akisimama mara kwa mara ananung'unika, "Tazama, mkono wa kulia mzito, nilimwambia asikandamize brashi," na anaendelea. Kesho yake alipaka kinyumenyume, tangu pembe ya dirisha, bila kugeuza shingo. Verona na mimi tulikaa ukumbini kwenye viti vya jikoni. Tuliimba nyimbo mbili tatu za mazishi, kwa sauti ndogo, watu wawili tu, bila chakula na bila majirani. Sauti ya Verona ilikatika katikati ya wimbo wa pili, nikaubeba mimi mpaka mwisho, kwa kuwa mtu lazima aubebe. Uriah aliitikia kwa kuguna, brashi mkononi, mpaka alipotokea mlangoni na mgongo wake ukatugusa magoti.

Usiku huo Verona alilala chumbani kwangu. Sikumuuliza kama amesikia kitu. Mimi sikusikia.

Carlene alipokuja mwisho wa wiki alipiga makofi. "Sasa! Humu anaweza kukaa mtu yeyote!" Alimleta mwalimu mmoja na mke wake, wakafungua dirisha, mke akasema chumba kina mwanga kweli, wakaanza kusemezana kabati lao litakaa wapi. Nikawaacha waseme. Baada ya juma wakaja na jibu, wakaichukua nyumba.

Siku ya kuhama Verona alishusha mizigo na shemeji yake, nami nikaomba nipewe nafasi kidogo. Niliingia kule nikafunga mlango. Krimu kila upande, mpaka ule ukanda wa juu ambao Odane alishindwa kuumaliza. Nilitaka nisimame pale kichwa chake kilipokuwa kinalala, niseme neno moja nililokuwa nimeliandaa tangu alfajiri. Nikasogea huku, si hapo. Nikasogea karibu na dirisha, si hapo pia. Nilizunguka na magongo yangu kwenye chumba ambacho nilikifagia kila siku miaka sita, na sikujua tena kitanda kilikuwa wapi.

"Mama!" Verona akaita kutoka chini. "Mvua inakuja, njoo tukushushe!"