Wali Usiopoa

Kila asubuhi, kabla hajajipakulia yeye mwenyewe, Fumie Nagasawa alipakua wali kidogo kwenye kibakuli cha shaba, akauweka ndani ya kabati la marehemu mbele ya picha ya mumewe, akachoma udi, akagonga kengele. Marehemu hawali punje, wanakula mvuke; pale mjini Koriyama hata mtoto anajua. Wali ukipoa, basi ameshiba, unauteremsha na kuula mwenyewe. Ndivyo mama mkwe wake alivyomfundisha, na mama mkwe yule hakuwa mtu wa kufundisha jambo mara mbili.

Wali wa Fumie haukupoa. Mchana ulikuwa bado unafuka, na jioni, wakati wa kufunga mapazia, kioo cha picha kilikuwa kimejaa ukungu hata uso wa Tatsuo hauonekani. Alikifuta kwa ncha ya aproni. Hakushangaa, ila lilimchoma moyo. Tangu azikwe, mume wake hakuwa amekula nyumbani hata siku moja.

Mahali alipo, Fumie alikuja kupajua kwa simu. Aliyepiga ni Hirabayashi, ambaye alizunguka na Tatsuo miaka mingi wakiuza pampu za maji huko kaskazini.

"Shemeji, sijui hata nianzie wapi. Tatsuo nimemwona Akita."

"Akita wapi?"

"Ile hoteli yetu, mbele ya stesheni. Kila asubuhi anashuka kula. Tena amenawiri."

"Anakula nini?"

"Kari, na supu ya miso. Vya bure, shemeji, unajua mwenyewe. Mtu haoni tabu kuongeza."

Fumie alishukuru, akapanga nguo mbili kwenye mkoba, akapanda treni.

Hoteli aliikuta vilevile kama Tatsuo alivyokuwa akimsimulia. Unatoka stesheni, unavuka barabara, umefika. Bafu dogo kiasi kwamba ukiwa umeketi unagusa kuta zote. Mashine ya kufulia iko jirani na mashine ya barafu, na pale mapokezi kuna kikapu cha vitana, nyembe na miswaki, kila mtu ajichukulie. Tatsuo alikuwa akikisifia chakula cha asubuhi cha pale kama wanaume wengine wanavyosifia mapishi ya mama zao. Kwenye meza ya nyumbani hakusifia kitu. Alisoma gazeti, akaacha nusu ya chakula, akakimbilia kazini. Akirudi safari alimletea mkewe vitana na miswaki ya hoteli, na droo nzima ya jikoni ilijaa. Fumie alidhani ni ubahili tu.

Asubuhi alishuka mapema. Tatsuo alikuwa ameketi karibu na dirisha, amevaa nguo za kulalia za hoteli na ndara, ingawa tangazo kwenye lifti linakataza. Mama wa jikoni, Bi Oyama, mnene, kichwani kofia ya wavu, alikuwa anapasha upya sahani ya kari. Fumie alijitambulisha.

"Aa, huyu ni wako!" alisema Bi Oyama. "Dada yangu, huyu bwana chakula kikifika tu mbele yake kinapoa. Napasha, kinapoa, napasha. Lakini hana neno. Mpole!"

"Na meneja anasemaje?"

"Aseme nini? Halalii kitanda, hachafui taulo. Wageni wote wangekuwa hivyo ningekuwa na mgongo mzima mpaka leo."

Fumie alichukua trei, akajipakulia tonge la wali na supu, akaenda kuketi mbele ya mumewe.

"Umekuja," alisema Tatsuo.

"Nimekuja. Baba Chinatsu, wali wangu unafuka mpaka jioni. Turudi nyumbani."

Tatsuo aliitazama kari yake, ambayo ilikuwa imeshaganda.

"Hapa ni karibu na stesheni," alisema.

"Umekufa. Stesheni ya nini?"

"Mazoea." Alisogeza kijiko kando ya sahani. "Hapa mtu anakula, anaondoka. Hakuna anayeamka alfajiri kwa ajili yangu. Wewe ulikuwa unapika, halafu unasimama pale kwenye sinki unanitazama kama nitamaliza. Nilikuwa naona haya. Sikujua niseme nini."

"Si ungesema lolote!"

"Ndiyo," alisema Tatsuo. "Ningesema."

Alisema kwa majuto ya kweli, na Fumie aliyaona. Kwa muda alidhani yametosha, kwamba mtu huyu sasa atanyanyuka na kumfuata. Na kweli alinyanyuka. Alipanga vyombo vyake kwenye trei, akafuta meza kwa kitambaa mpaka kwenye pembe, akaenda na trei kwenye dirisha la jikoni. Pale akainama, tena akainama vizuri.

"Asante kwa chakula," alimwambia Bi Oyama. "Kilikuwa kitamu sana."

"Karibu, karibu tena kesho!"

Fumie alikuwa ameshika vijiti vyake. Maneno hayo aliyasubiri miaka thelathini na zaidi kando ya sinki, na hapa yalitoka kwa urahisi, kila siku, kwa mwanamke ambaye Tatsuo hakujua hata jina lake. Iliuma kuliko mazishi. Tatsuo mwenyewe hakutambua kitu. Alipitia mashine ya kahawa, akamjazia mkewe bilauri ya karatasi, akaibana kifuniko.

"Ya kunywa kwenye treni," alisema. Kisha akaenda kwenye kikapu cha mapokezi, akachagua kitana na mswaki, akamtumbukizia mkobani.

Kahawa ilikuwa baridi kabla treni haijaondoka. Fumie aliinywa yote.

Kesho yake alipika kama kawaida, akaweka wali kwenye kabati, akagonga kengele. Mchana kutwa ulifuka. Jioni aliuteremsha, akafuta ukungu kwenye kioo cha picha, akaketi akaula wali ukiwa bado unaunguza ulimi. Ulikuwa wali mzuri. Siku zote ulikuwa mzuri. Alipomaliza aliinama mbele ya bakuli tupu.

"Asante kwa chakula," alisema kwa sauti.

Alisubiri kidogo, akajijibu "Karibu," kisha akaenda kuosha chombo.