Dawa Isiyomezeka

Tangu alipochaguliwa kusomea kemia ya dawa chuo kikuu, nyumbani walimwita Kidonge. Jina lilitoka kwa baba yake, kinyozi, mtu ambaye hakuweza kunyoa kichwa bila kukibatiza jina la utani. Mteja yeyote aliyekaa kwenye kiti chake aliambiwa, atake asitake, kwamba binti yake mdogo anajifunza kutengeneza dawa.

"Siyo kuuza," alisisitiza, wembe ukiwa hewani. "Kuuza hata mimi naweza. Kutengeneza."

Mlango wa pili wa jengo alimonyolea ulikuwa wa dada yake Kidonge, fundi cherehani. Mama yao alifariki Kidonge akiwa bado anang'oka meno ya utoto, na dada ndiye aliyemsuka, akamshonea sare, akamfundisha kutia uzi kwenye sindano na kufunga mdomo mbele za wageni. Dada huyo alikuwa na kifafa. Zamani kilimwangusha popote: jikoni, njiani, mara moja akiwa amepiga magoti anampima bibi harusi urefu wa gauni. Kisha hospitali ikampa vidonge vya fenitoini, na kwa miaka mingi kifafa hakikumgusa tena. Watu wakasahau kama anaumwa. Yeye mwenyewe akaanza kupiga pasi bila mtu wa kumwangalia.

Hapo ndipo Kidonge alipoipendea kemia. Kitu kidogo cheupe, ambacho umbo lake unaweza kulichora kwa kalamu ya risasi, kilimshika dada yake asianguke. Alitaka kujua kinamshikaje.

Alipokuwa mwaka wa tatu, dawa ikaadimika.

Baba alipiga simu asubuhi, Kidonge akiwa kwenye foleni ya chai. "Hebu niambie, mama, hii dawa ya dada yako imekwenda wapi?"

"Imekwenda wapi vipi, Baba?"

"Hospitali hakuna. Duka la hapa jirani hakuna. Lile la sokoni wananiambia nipite wiki ijayo, utadhani nimeulizia nyanya."

"Yeye amebakiwa na vingapi?"

"Anasema vinamtosha kidogo."

"Vinamtosha kidogo ndiyo nini?"

"Ndivyo alivyosema. Unamjua dada yako."

Siku hiyo, vipindi vilipoisha, Kidonge alizunguka maduka ya dawa ya mji mzima. Wengine walimjibu kabla hajamaliza kutamka jina. Mwanamke mmoja mwenye koti jeupe alimwonea huruma akamvuta pembeni mwa kaunta. "Kiwanda kimesimama, mdogo wangu. Malighafi hawapati. Sisi tumeagiza, tunasubiri tu. Mwambie daktari wake ambadilishie. Ila asiache ghafla."

Kidonge alimpigia dada.

"Walishanibadilishia," dada alisema. Nyuma yake cherehani ilikuwa inakimbia. "Wamenipa ile ya zamani. Inanilaza kama gogo. Juzi nimekata mikono miwili ya shati, yote ya kulia. Sasa mteja nimwambie nini, akatafute mkono mwingine wa kulia? Nimeirudisha kabatini. Ninatumia zangu zilizobaki."

"Zimebaki ngapi, Dada?"

"Zipo. Wewe soma."

Jumatano ya wiki iliyofuata walikuwa na somo la maabara. Mwalimu wao, mwanamke mfupi aliyetembea na miwani ya kinga juu ya nywele kama taji, aliandika ubaoni jina la dawa watakayoitengeneza. Kidonge alilisoma, akalisoma tena. Ilikuwa fenitoini.

"Vipi, umeona jini?" mwenzake wa meza alimnong'oneza.

Kidonge alivaa glavu. Walipewa unga wa manjano, na urea, ileile ya mbolea, na soda kali, na spiriti ya kuyeyushia. Walivichemsha pamoja kwenye chupa, mvuke ukipanda bombani, ukipozwa na maji na kudondoka tena chini. Rangi ya manjano ilififia taratibu. Walipoipoza na kuidondoshea asidi, chupa nzima iliingia ukungu, kisha ukungu ukawa theluji. Walichuja. Juu ya karatasi ya kuchujia zilibaki fuwele nyeupe kama chumvi iliyosagwa.

Kidonge aliziweka kwenye mizani, akakaa akizitazama. Dada angeweza kuzitumia kwa wiki kadhaa. Na katika chumba hicho kila meza ilikuwa na karatasi yake.

"Mwalimu," aliuliza, "hizi zinakwenda wapi?"

"Kwenye mtungi wa taka, kama kawaida."

"Zote?"

Mwalimu alimtazama vizuri. Kidonge akamweleza, kwa sauti ya chini, maneno yakitoka bila mpangilio: dada, maduka, mikono ya shati. Mwalimu alivuta kigoda akaketi.

"Pima kwanza kiwango cha kuyeyuka," alisema. "Halafu tuzungumze."

Fenitoini safi huvumilia moto mkali sana kabla ya kuyeyuka, na ikianza huyeyuka mara moja. Ya Kidonge ilianza kulainika mapema, ikatokwa jasho kwenye kijibomba cha kioo, ikajikunja polepole. Hakuhitaji kuambiwa maana yake.

"Humo kuna nini kingine?" mwalimu aliuliza.

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Ndiyo maana."

"Naweza kuisafisha tena, mwalimu. Naweza kubaki hapa mpaka iwe safi."

"Unaweza. Halafu? Dawa hii ikizidi kidogo inamlewesha mtu, ikipungua kidogo haimkingi. Utampimia kwa kijiko?" Hakusema kwa ukali. "Ukimpa akadhurika, hutajisamehe."

"Na nisipompa?"

Mwalimu alitoa simu, na mbele ya Kidonge akampigia mtu wa bohari ya dawa, kisha mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa kiwandani, kisha mfamasia wa hospitali kubwa. Kila mara aliamkiana nao vizuri, akauliza, akasikiliza, akasema ahsante. Alipomaliza aliiweka simu mapajani, akaanza kuifuta kioo kwa pindo la koti. "Wanasema tusubiri," alisema.

Kidonge alibeba karatasi yake mpaka kwenye mtungi. Fuwele zilikuwa zimeshikamana kidogo. Alilazimika kuikung'uta karatasi.

Angenyamaza ingekuwa heri. Lakini jioni baba alipopiga kuuliza kama amepata, ulimi uliteleza. "Leo tumeitengeneza darasani, Baba."

Sauti ya mkasi ikakoma. "Mmeitengeneza? Wewe, kwa mikono yako?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi nafunga kibanda, nakuja kuichukua."

"Tumeimwaga, Baba."

Alimweleza yote: uchafu usioonekana, kiwango cha kuyeyuka, kipimo. Alijisikia anavyozungumza kama kitabu. Baba alimwacha amalize.

"Mimi sikusoma," alisema hatimaye. "Sitabishana na wewe. Ila nyumbani kuna njaa, mtu amepika, chungu kimeiva, halafu anamwaga. Nisaidie, mwanangu, hao wanaoningojea kwenye kiti niwaambie unasomea nini?"

"Baba, mimi..." Kidonge alianza.

"Sawa," baba akasema, "sawa," na safari hii hakuongeza mzaha wowote.

Mpaka anamaliza mitihani ya katikati ya muhula, dawa ilikuwa bado haijaingia. Alikuwa ametoka tu ukumbini simu ilipoita.

"Dada yako kimemwangusha," baba alisema. "Kinamwachia, kinamrudia. Tuko hospitali. Njoo."

Alimkuta wodini, amelazwa ubavu, mdomo umevimba alipojing'ata. Walikuwa wamemchoma sindano nyingi ili mitetemo ikome, na sasa alilala usingizi mzito usioitika. Baba alisimama upande wa miguu akiwa bado na aproni yake ya kinyozi, nywele za mteja zimeganda begani.

"Alikuwa anavikata nusu," alisema bila kumsalimia. "Nimevikuta kwenye kopo la vifungo. Nusu asubuhi, nusu jioni, badala ya kizima kila mara. Alitaka vimfikishe mbali. Si bora nusu kuliko kukosa?"

Kidonge alijua. Dawa nyingine ukiikata nusu, mwilini inabaki karibu nusu. Hii sivyo; ukiikata nusu, kinachobaki kwenye damu ni kidogo mno, kama hakuna. Alikuwa ameliandika jibu hilo kwenye mtihani wa muhula uliopita, na mchoro wake, na mwalimu akampa alama zote. Alimtazama baba yake, mzee aliyekuwa anangoja kuambiwa kwamba dada alifanya jambo la akili.

"Ndiyo, Baba," alisema. "Ni bora nusu."

Daktari alipita, akawaeleza kwamba wanafanya wanachoweza, akauliza kama kuna mwenye swali. Kidonge alikuwa na maswali mengi, na majibu yake yote aliyajua. Akatikisa kichwa.

Dada alifumbua macho baada ya siku kadhaa. Wiki chache baadaye dawa ikaingia nchini, kutoka kiwanda kingine, kwenye boksi la rangi ya chungwa, na maduka yaleyale yaliyokuwa yakitikisa kichwa sasa yaliipanga mbele kabisa. Mwalimu alimtumia Kidonge ujumbe kumjulisha. Dada alirudishiwa kipimo chake kamili na kifafa kikakaa mbali.

Lakini yeye mwenyewe hakurudi mzima. Mkono wa kulia ulitetemeka akishika kitu chembamba. Wateja walikuja na vitambaa, wakamsalimia, wakaondoka navyo kwa adabu. Baba alifunga ule mlango wa pili na kufuli. Wanyolewaji walipouliza, aliwaambia fundi amepumzika, akaendelea kunyoa.

Likizo ilipofika, Kidonge alimkuta dada ameketi kwenye baraza la kibanda juani, kanga mapajani. Alikaa karibu yake. Dada alifurahi sana. Alimshika kidevu akamgeuza huku na huku.

"Umekonda. Masomo yanaendaje?"

"Yanaenda, Dada. Mwakani namaliza."

"Utatengeneza dawa?"

"Labda nitapata kazi ya kupima. Zikitoka kiwandani, lazima mtu apime kama ziko sawa."

"Hiyo kazi nzuri," dada alisema. Alitazama barabarani, mtu na baiskeli yake akapita, kuku akavuka. Mkono wake uliotetemeka aliufunika kwa ule mwingine. Kisha akamgeukia tena, uso umechangamka vilevile, akamshika kidevu.

"Umekonda wewe. Masomo yanaendaje?"

Ndani, baba alizima mashine ya kunyolea.

"Yanaenda, Dada," Kidonge alisema. "Mwakani namaliza."