Dobi Aliyepanda Mlima

Alipofika kona ya pili dobi aliteremka kwenye baiskeli, akainama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Shemeji yake, aliyekuwa ametangulia, aligeuka akamwona, akasimamisha baiskeli kando ya ukuta wa mawe na kumsubiri huku akipepewa na upepo wa mlimani.

"Leo dobi hafui dafu," alisema.

"Ngoja pumzi irudi, nitakufua wewe."

Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa mdogo wa mumewe, fundi wa kufuli, mtu wa maneno mengi na haya kidogo. Kila mwaka mashindano yale makubwa ya baiskeli yalipofika, alifunga kibanda chake wiki nzima, akaondoka na baiskeli yake kuyafuata. Asubuhi, kabla polisi hawajafunga barabara, alipita njia zilezile ambazo mchana wangepita waendeshaji wa kulipwa. Kisha alikaa pembeni na kuwangoja. Nyumbani walimwona ana wazimu mdogo usiodhuru mtu. Ndiyo maana safari hii shemeji yake wa kike aliposema naye anakwenda, familia nzima iliacha kula ikamtazama. Mumewe alimuuliza nani atapiga pasi mashuka ya hoteli. Alimjibu kwamba pasi ipo mahali pake na mikono anayo.

Baiskeli haikuwa ngeni kwake. Tangu usichana alikuwa akipeleka nguo kwa wateja, furushi nyuma na jingine begani. Ila mji wao ulikuwa tambarare. Hapa barabara ilijikunja na kujikunjua juu ya bonde, misonobari chini yake, na maporomoko ya maji yakining'inia kwenye jabali la ng'ambo kama shuka lililosahaulika kuanuliwa. Shemeji alimwonyesha hili na lile kwa fahari, utadhani mlima ule aliuumba yeye. Dobi aliitikia, na kweli palipendeza, lakini akili yake haikuwa pale.

Mwanawe alikuwa miongoni mwa waendeshaji hao wa kulipwa. Hakuwa wa kushinda. Kazi yake ilikuwa kurudi nyuma kwenye gari la timu kuchukua chupa za maji, kuzisomba hadi mbele, na kumkinga nahodha na upepo mpaka nguvu zimwishie mwenyewe. Mwanzoni mwa msimu alianguka kwenye barabara yenye utelezi, akaburuzwa, ngozi ya nyonga ikabaki kwenye lami. Tangu siku hiyo, kila alipopiga simu, mama yake alimuuliza hali, naye akajibu, "Niko sawa, mama." Alijibu upesi mno. Maisha yake yote dobi alikuwa akisimama nyuma ya meza ya kupokelea nguo, akiwasikiliza wateja wakimhakikishia kwamba koti halina doa lolote. Sauti ile aliijua.

Basi alijikaza kisabuni, akapanda. Mahali alikanyaga pedali, mahali alisukuma kwa miguu, na mahali alisimama tu akishika usukani, jasho likimtoka. Shemeji aliacha utani. Alikaa nyuma yake, na kila dobi alipotaka kuteremka alimwambia kona inayofuata ina kivuli. Mara nyingine ilikuwa uongo.

Walipofika kileleni watu walikuwa wamekwisha kupanga viti vyao vya kukunja. Dobi alikaa kwenye majani akala mkate wote waliobeba, sehemu yake na ya shemeji. Hakuomba radhi, wala hakudaiwa.

Pikipiki za polisi zilipita kwanza. Kisha wakaja wale wa mbele, wembamba, vinywa wazi, wakapita kabla hajajua atazame nani. Halafu kundi kubwa. Halafu barabara ikawa tupu kwa muda mrefu. Mwanawe alikuja na walioachwa nyuma, jezi imefunguliwa mpaka kifuani, chumvi ya jasho imemchora mistari mgongoni. Shemeji aliruka akipiga kelele za kumtia moyo. Dobi hakupiga kelele. Alitazama jinsi mtoto alivyokaa upande mmoja wa kiti, kama mtu anayeketi kwenye benchi lenye msumari. Akatazama bukta. Nyonga ya kulia ilikuwa nyeusi zaidi ya upande wa pili, na wala hakukuwa na mvua siku ile.

Jioni walikwenda kwenye hoteli ya timu, chini bondeni. Uani magari yalikuwa yameegeshwa ubavu kwa ubavu, mafundi wakiosha baiskeli, na kamba ndefu imefungwa kutoka mti hadi mti, imejaa jezi. Kijana alitoka akichechemea kidogo, na alipomwona mama yake akaacha kuchechemea. Alimkumbatia kwa bega la kushoto. Shemeji, aliyekuwa na busara pale isipotarajiwa, alikumbuka ghafla kwamba anataka kuona namna mafundi wanavyopaka mafuta cheni, akaondoka.

Dobi alimwomba mwanawe nguo chafu. Kijana alisema timu ina mashine na mtu wa kufua. Alisema amefurahi kumwona, lakini mama hakuja likizo ili afue. Alisema pia kwamba nguo za leo bado ziko kwenye begi na begi liko mbali.

"Lete bukta," mama yake alisema.

Akaenda, akaileta, imeviringishwa kama mpira.

Palikuwa na bomba karibu na ngazi za jikoni. Dobi aliinama, akaigeuza ndani nje, akaacha maji yapite juu yake. Damu ya leo ilitoka mara moja, nyekundu, ikaingia kwenye mfereji. Chini yake lilibaki duara la kahawia, gumu, ambalo halikutikisika, na pembezoni mwake rangi ya manjano. Alilisugua kwa kidole gumba. Akalinusa. Kijana alikaa kwenye ngazi, anatazama mafundi.

"Umekuwa ukizifua mwenyewe," alisema mama. "Kwenye sinki, kwa maji ya moto. Maji ya moto yanaipika damu, haitoki tena."

Kijana hakubisha. Alimweleza yote. Kidonda kilifunga, kikafunguka, kikafunga tena juu juu. Akikiri, daktari wa timu atamtoa mashindanoni usiku huohuo. Zimebaki siku chache, na baada ya hapo wakubwa wataamua nani abaki mwaka ujao na nani aende zake. Wapo vijana wengi wenye nyonga nzima wanaongoja nafasi yake.

"Utamwambia?" aliuliza.

Daktari alikuwa upande wa pili wa ua, anamenya chungwa, anacheka na dereva. Ilikuwa safari ya hatua chache tu. Dobi alimtazama mtu yule mpaka ganda la chungwa likaisha.

Nyumbani, kabla ya kuanza safari, alikuwa amekwisha kuyapanga maneno yake: acha, rudi, kazi ya kufanya ipo. Yalikuwa maneno mazuri na aliyarudia moyoni kutwa. Lakini asubuhi ile alikuwa ameupanda mlima kwa miguu yake, na sasa maneno yale yalikuwa mepesi mno mdomoni, kama ya mtu anayeagiza chumvi dukani.

"Mimi nilisukuma baiskeli," alisema. "Zaidi ya nusu ya njia. Wewe ulipita umekaa, na nyonga hiyo." Alikamua bukta, akaikunguta, akamwekea mkononi ikiwa bado yenye maji. "Sitamwambia mtu. Ianike mwenyewe. Popote utakapoona panafaa."

Akafuta mikono kwenye sketi, akaenda kumtafuta shemeji yake.

Kesho yake njia ilifuata ziwa. Ilikuwa tambarare karibu kote, maji upande mmoja na mashamba ya alizeti upande wa pili, na upepo uliwasukuma mgongoni. Shemeji alisema hii ndiyo barabara nzuri kuliko zote za mashindano, naye kila mwaka huomba uzima aipite tena. Dobi alikubali. Mumewe alimpigia simu wakiwa njiani, akilalamika kwamba mashuka yanamtoka na mikunjo. Alimwelekeza namna ya kunyunyiza maji, akakata. Hakumwambia jingine.

Walipumzika penye ukuta mdogo wa ufukoni. Mashindano yalipita kwa pamoja, kundi moja zito lenye mvumo kama wa nyuki, na dobi alijitahidi kuona nyuso, ila zilikuwa miwani na kofia tu. Aliangalia namna kila mmoja alivyokaa. Hakuna aliyekaa upande mmoja. Magari ya timu yalifuata, kisha la wagonjwa, kisha gari la mwisho lenye bendera, na polisi wakaanza kukunja utepe.

Shemeji alikuwa ameinamia simu. Alisoma, akasoma tena, akaiweka mfukoni. Kisha akamsogezea dobi baiskeli yake.

Walirudi barabarani. Hawakuwa wamefika mbali waliposikia honi fupi nyuma yao. Lilikuwa gari la mizigo la timu, baiskeli zimefungwa juu ya paa. Lilipunguza mwendo likaja sambamba na dobi, na kioo kikashuka. Mwanawe alikuwa amekaa mbele karibu na dereva, ameegemea upande wa kushoto, amevaa suruali pana.

"Niliianika uani," alisema. "Katikati ya kamba. Daktari aliiona kabla ya chai."

"Amekusafisha kidonda?"

"Nilimng'ata mkono."

Dobi alitaka kucheka, akakosa pumzi. Alimuuliza wakubwa wamesema nini kuhusu mwaka ujao. Kijana alisema bado hawajasema, watamwita. Alitazama ziwa kidogo, halafu akasema tena kwamba watamwita.

Mbele yao barabara iliachana na maji ikaanza kupanda, si sana, kilima cha kawaida. Shemeji alijisogeza katikati ya njia ili magari ya nyuma yasiwapite kwa pupa. Dereva alimtazama kijana, akabadilisha gia, akalifanya gari litambae.

"Ingia ndani, mama, tukupandishe."

"Sitaki."

"Basi tia gia nyepesi. Hiyo ya kushoto. Usinitazame mimi, tazama barabara."

Aliitia. Cheni ililalamika, ikashika. Kijana alitoa kichwa dirishani, akaweka kidevu juu ya mkono wake, akatazama magoti ya mama yake yakipanda na kushuka.