Goti Langu na Ukumbi wa Watu Mia Tano na Mmoja

Usiku wa jana niliota ugomvi ukiwa umeshaiva. Goti langu la kulia lilikuwa limekaa kwenye kochi sebuleni kwangu, limejifunga bandeji yake, linanifokea, na mimi nilikuwa nimeshalijibu mara tatu.

"Mara ya kwanza netiboli, nikanyamaza," lilisema. "Mara ya pili netiboli hiyo hiyo, nikasema labda mwenzangu hakusikia. Leo umekuja na vishale?"

"Vishale havikuhusu," nikaliambia. "Vinarushwa kwa mkono."

"Na utasimama kwa nani?"

Hapo nikaangalia pembeni, na mimi si mtu wa kukwepa maswali. Mwulizeni Lusekelo, mwanangu.

Nieleze kidogo, mtu asije akadhani nalionea goti. Nina miaka arobaini na sita. Nafanya kazi maabara, kwenye kituo cha afya. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya watumishi wa halmashauri yetu, mpaka goti likachanika, likapona, likachanika tena, na kifundo cha mguu wa kushoto kikateguka katika harakati za kulisaidia. Mwaka jana nilikwenda kwenye michezo nikiwa mshika mikoba. Nilishika mikoba kumi na minne na meno bandia ya mhasibu. Wenzangu walicheza, mimi nikahamisha mikoba kila jua liliposogea.

Mwaka huu wameongeza vishale, ule mchezo wa kulenga ubao wa namba. Bwana Kibona, mratibu wa michezo, anafunga orodha ya majina Ijumaa saa mbili asubuhi, na usiku wenyewe ulikuwa wa kuamkia Ijumaa. Jina langu lisipokuwemo, mikoba inanisubiri. Hayo ndiyo tuliyokuwa tukigombania.

Kifundo cha kushoto kilikuwa kimetulia mahali pake. "Mimi naliunga mkono goti," kikasema kwa upole, "lakini naomba nisinukuliwe."

"Wewe unabaki na mimi," nikakiambia. Kikabaki. Kifundo kina nidhamu.

Nikainuka kwa mguu mmoja kwenda jikoni kunywa maji, nikatokea uwanjani.

Ni uwanja wetu wa netiboli, nyuma ya ofisi za halmashauri. Wenzangu wote wamesimama ndani ya sare, kila mmoja kakumbatia mpira wake. Hawasogei. Majani yamewafika kiunoni.

"Mama Lusekelo!" anaita nahodha wetu, Bi Tusajigwe. "Tumeshika mpira."

"Naona."

"Ukishika mpira huruhusiwi kutembea."

"Si mtoe pasi?"

"Tumpe nani? Kila mtu ana wake." Hana hasira. Ananieleza kwamba wapo pale tangu Agosti ya mwaka juzi, na chakula wanaletewa. "Aliyekuwa anapokea ni wewe. Rudi basi, shoga yangu. Uruke mara moja tu."

Nyuma yangu goti likakohoa. Lilikuwa limenifuata, kama jirani anayetaka kujua mambo yataishia wapi.

Nakiri nilitamani. Nilijua jinsi ule mpira unavyokaa viganjani. Lakini pia nilijua sauti ya goti likichanika, na ile huwa haisahauliki.

"Tusajigwe," nikamwambia, "uweke chini."

Akauweka chini. Akanyanyua mguu mmoja, akanyanyua wa pili. Wenzake wakamwiga, uwanja mzima ukaanza kutembea.

"Kumbe unaweza kuuweka chini tu," akasema, akaenda zake nyumbani kuangalia kama maharage yameungua.

Pale alipouweka mpira palikuwa na mstari mweupe. Mstari ukasema, "Simama nyuma yangu."

Nasimama nyuma yake. Hapo tayari ni ukumbini. Ubao wa vishale uko ukutani, na kwenye viti vya plastiki wamekaa watu wamejaa pomoni, na miavuli yao.

"Hao ni mia tano na mmoja," ukasema mstari. "Ukichoma ishirini, watu ishirini wanakwenda nyumbani. Mchezo unakwisha ukumbi ukiwa mtupu kabisa. Sifuri kamili."

"Na nikizidisha?"

"Usizidishe."

"Na nikikuvuka?"

Mstari ukanitazama. Sijui mstari hutazama kwa kitu gani, lakini ulinitazama. "Kuna bwana mmoja alinivuka," ukasema. "Siku hizi yuko chekechea. Anaendelea vizuri."

Nikapewa vishale vitatu. Nikafanya nilichozoea kwa miaka kumi na tisa: nikakishika kishale kwa mikono miwili juu ya kichwa, nikakunja mguu, nikaruka.

Kishale kikaingia darini. Cha pili kikaingia darini. Cha tatu kilipoingia, sauti ikasema kutoka huko juu, "Ahsanteni, vimetosha."

Ukumbini hakuinuka mtu. Mama mmoja wa mstari wa mbele akatoa uzi na sindano, akaanza kufuma kitambaa. "Huyu atatulaza hapa," akamwambia mwenzake. Hakunong'ona.

"Nilisema mimi," likasema goti. Lilikuwa limeshapata kiti, tena kiti kizuri.

Nikiwa nafikiria kuomba mikoba yangu kumi na minne, ubao ukaniita.

"Dokta, mimi ni namba ngapi?"

"Mimi si daktari. Ni mtu wa maabara."

"Ni yale yale. Nipo hapa tangu saa moja asubuhi, nimekuja kutolewa damu. Niliambiwa nisile, sijala."

"Una mshipa?"

"Mshipa sina. Mimi ni katani tupu. Lakini pa kuchoma pamejaa tele, na pote pana namba."

Basi nikawa kazini. Nimechoma watu kwa miaka ishirini na miwili: watoto wanaopiga mateke, wazee ambao mishipa yao inakimbia, askari wanaozimia kabla sindano haijatoka kwenye karatasi. Mkono wangu hautetemeki. Na katika miaka yote hiyo sijawahi kumrukia mgonjwa.

Nikapewa vishale vingine, nikasimama wima. Kiwiko kikatulia.

"Tulia," nikauambia ubao. "Utaumia kidogo."

Ishirini. Watu ishirini wanainuka, wanachukua miavuli, wananiaga kwa heshima. Sitini. Kishale kimeingia ukingo wa kati, ishirini mara tatu: safu tatu zinatoka kwa pamoja na kuna msongamano mlangoni. Kumi na tisa. Sitini tena. Mama wa kitambaa anaondoka akilalamika kwamba alikuwa hajafika kwenye pindo. Ubao unauliza kama majibu yatatoka leo. Nauambia utulie.

Wakabaki kumi na wanane. Nikachoma ishirini.

Kumi na wanane wakainuka, wakahesabiana mlangoni, wakakuta wamepungua wawili, wakarudi kukaa.

"Nilikwambia usizidishe," ukasema mstari.

"Nimesikia. Sihitaji kusemwa."

Nikachoma kumi na sita. Wakatoka kumi na sita. Wakabaki wawili: mume wangu, Ambakisye, na goti langu. Walikuwa wamekaa bega kwa bega, ikiwa goti lina bega, wanakula karanga kwenye karatasi moja.

"Mke wangu," akasema Ambakisye, "vishale ni mchezo wa baa. Watu wataniuliza unafuata nini baa."

"Waambie nafuata ushindi, Baba Lusekelo. Na michezo yetu inafanyika kwenye ukumbi wa shule."

Akatafuna. "Kama ni shule, sawa," akasema. Mume wangu si mtu mbaya. Anapenda kupewa sababu.

"Waliobaki ni wawili," mstari ukanikumbusha. "Wa mwisho hutolewa kwa ukingo mwembamba wa nje, ule unaozidisha namba mara mbili. Chomea hapo kwenye moja."

Ukingo wenyewe ni mwembamba kama unyasi. Na hapo kifundo kikaanza kutetemeka.

"Nimekubeba tangu sebuleni," kikasema. "Nimechoka. Hili unaweza kuninukuu."

Nikawa napepea kama mgomba kwenye upepo. Nikaliangalia goti. Goti likaangalia karanga.

"Njoo," nikaliambia.

"Hiyo ni amri."

"Ndiyo."

"Nimeruka miaka kumi na tisa kwa amri," likasema. "Ruka, nikaruka. Kimbia, nikakimbia. Nilipochanika ukanifunga bandeji, ukasema twende. Hujawahi kuniuliza hata siku moja."

Ningeweza kulijibu. Jibu nilikuwa nalo, tena kali. Lakini lilikuwa linasema kweli, na kubishana na kweli ni kupoteza muda.

"Sawa," nikasema. "Nakuuliza sasa. Utasimama na mimi?"

Hata Ambakisye aliacha kutafuna.

"Hakuna kuruka?"

"Hakuna."

"Hata mkishinda? Wewe mkishinda huwa unaruka. Nakujua."

Hilo lilikuwa gumu zaidi. "Nikishinda nitapiga vigelegele," nikasema. "Nimesimama."

Goti likafuta chumvi ya karanga kwenye bandeji, likaja, likaingia mahali pake. Lilikuwa na joto, kama kiti alichotoka kukalia mtu. Nikasimama kwa miguu miwili. Nilikuwa nimesahau jinsi hali hiyo inavyopendeza.

Nikarusha. Kishale kikaenda polepole, kikiuliza njia, kikachoma ukingo wa moja.

Ambakisye akainuka, akavaa kofia, akatoka. "Huyo mmoja," ukasema mstari. "Wa pili yuko wapi?"

"Mimi nimeshafika nyumbani," likasema goti, kutoka mguuni.

Mstari ukafikiri kwa muda mrefu, jinsi waamuzi wanavyofikiri wakiwa hawana kitabu. "Amefika kwake," ukasema. "Imehesabika. Sifuri."

Nikapiga vigelegele nimesimama.

"Dokta," ukaniita ubao, "pamba."

Pamba sikuwa nayo. Nikaweka kidole gumba juu ya tundu la mwisho, nikabonyeza dakika tatu, kama ninavyowafanyia wote. Ya tatu ilipotimia, nikaamka.

Kulikuwa kunakucha. Ambakisye alikuwa anakoroma. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umebana shuka, na kidole gumba kiliniwasha. Nikakisogeza dirishani kwenye mwanga. Chini ya ukucha palikuwa na uzi mfupi, mgumu, rangi ya majani makavu. Nikauvuta kwa meno, nikaunusa. Katani. Nyumbani kwetu hakuna katani. Hata kamba ya kuanikia nguo ni ya plastiki.

Nikakaa kitandani, nikaliwekea goti mkono. Sikuliamuru. Nililiuliza, kwa sauti ya chini, kisha nikasimama kusikiliza jibu. Likanibeba bila neno.

Nikachukua simu. *Bwana Kibona, niandike vishale. Mama Lusekelo.*

"Unamwandikia nani alfajiri hii?" Ambakisye akauliza, macho yamefumba.

"Bwana Kibona. Nacheza vishale mwaka huu."

"Nani amekuruhusu?"

"Goti."

Akavuta shuka. "Michezo yenyewe ni kwenye ukumbi wa shule, si ndiyo?" akasema, akajigeuza ukutani akalala.

Nikabonyeza, ujumbe ukaenda.